Kahawa ya Kivu na Harufu ya Kiazi

Jumamosi iliyopita pale ukumbini Thamesmead, hapa London, nyinyi vijana wetu mnapofanya kazi za shule huku mnakula maandazi, Josué aliniuliza swali halafu hakungoja jibu. Alikuwa na ramani ya Kongo kwenye simu, ile yenye madoa ya rangi. Shaba hapa, kobalti hapa, dhahabu kule, almasi, koltani, mbao, mafuta. Akaniita dada mkubwa kwa kikwetu, mengine kwa kile Kiingereza chake cha haraka, "Yaya, kama kwetu ni matajiri hivi, tunafanya nini Thamesmead?"

Mkacheka wote. Na mimi nikacheka. Lakini swali lilipanda basi pamoja nami, likakaa kiti cha pembeni mpaka nyumbani. Mimi mnanijua sina subira. Sipendi swali linalolala kwangu bila kujibiwa. Ndiyo maana naandika, na naandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mnakielewa vizuri kabisa, mnajifanya tu.

Josué, kobalti siijui. Koltani sijawahi kuishika, ila kama wewe, iko ndani ya simu yangu. Ninachokijua ni kahawa. Nimefanya kazi ya kuonja kahawa hapa London, kwenye kiwanda kidogo nyuma ya uwanja wa Wembley, mpaka pua yangu ilipostaafu. Ndiyo, mimi ni mstaafu. Sina mvi hata moja na ni mstaafu. Msicheke kwanza.

Nilianza kwa kufunga mifuko. Nilikuja na cheti changu cha sekondari ya Bukavu, kwenye plastiki, nikakionyesha kila mahali, na kila mahali waliniuliza kama naweza kuinua mizigo. Nikasema naweza. Kazi ilikuwa kubandika lebo, kupanga maboksi, kufagia. Jengo zima lilinuka mkate unaotaka kuungua. Na kila gunia jipya lilipoingia nilikuwa naliinamia kidogo na kulinusa kabla ya kulisukuma. Sikujua kwamba kuna mtu ananiona.

Aliyeniona ni mkaangaji wetu, Mzee Salim, Mpemba, mtu mwembamba aliyekuwa amevaa kofia yake iliyodariziwa majira yote, hata mbele ya mashine yenye moto. Siku moja akaniita.

"Bibie, gunia lile limekuambia nini?"

Nikasema, "Papa Salim, lile lilikaa karibu na sabuni."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Nikadhani nimekosea kuhusu sabuni. Kumbe sabuni ilikuwa kweli. Kilichomchekesha ni jina.

"Mwanangu, kwetu Pemba papa yuko baharini na ana meno. Niite Mzee inatosha."

Kwetu Kivu kila baba ni papa. Nilijitahidi kumwita Mzee, lakini nikichoka ulimi ulirudi nyumbani, na yeye alikuwa akinionyesha meno.

Sasa niwaambie meza ya kuonjea ilivyo, maana hamtanielewa bila hiyo. Kahawa inasagwa, inawekwa kwenye vikombe, kila aina vikombe kadhaa, na jina limefichwa chini ili mtu asidanganywe na macho. Unamimina maji ya moto. Unangoja. Juu panafanyika utando mzito wa unga. Unainama, pua karibu kabisa na kikombe, unaupasua ule utando kwa kijiko, na hapo kahawa inasema jambo lake la kwanza na la kweli. Baadaye ikipoa kidogo unachota kijiko, unavuta kwa nguvu, kwa kelele, ili isambae mdomo mzima, halafu unatema kwenye ndoo.

Mimi siku yangu ya kwanza mezani niliharibu yote mawili. Nililelewa na mama mdogo Faida, kule Kalehe, kando ya ziwa. Kwa mama mdogo ukinywa chai na sauti ikasikika, unapigwa kijiko kwenye mkono. "Mutoto wa muke havute chai kama punda." Na kutema mbele ya mtu mzima, hiyo hata kuiwaza ni dhambi. Basi London nzima ya wanusaji imesimama pale, wanavuta kelele kama mabomba mabovu, na mimi nimesimama nanyonya kahawa kimya kama niko kanisani. Na kila kijiko nikameza. Kila kijiko. Nchi baada ya nchi.

Kwenye treni ya kurudi Abbey Wood moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma. Niliongea na mama mmoja ambaye simjui tangu katikati ya mji hadi kituo cha mwisho, nikamweleza maisha yangu yote. Sikulala. Asubuhi Mzee Salim aliniangalia macho akaelewa.

"Umemeza."

"Nimemeza, Mzee. Nyinyi wote ni wakubwa wangu. Ningetemaje?"

"Adabu yako nzuri. Itundike pale mlangoni pamoja na koti, jioni uichukue."

Alinifundisha mengine mengi. Usijipulize manukato siku ya meza. Usile kitunguu saumu jana yake, na hapo nililia maana jana yake kwangu kila siku ni kitunguu saumu. Pua ikichoka, inusishe kiwiko chako mwenyewe, ngozi yako ndiyo sifuri yako, pua inaanza upya hapo. Usiseme neno mpaka wote wamemaliza, kwa sababu mtu mmoja akisema "chungwa", basi meza nzima inaanza kusikia chungwa. Na usiipende kahawa kabla ya kuijua. Hili la mwisho ndilo lililonishinda.

Wakati wa mapumziko alikuwa ananipa tende alizonunua kwenye maduka ya Waarabu ya Edgware Road, tunakaa juu ya magunia. Nilikuwa namwimbia nchi yangu kama mlivyonisikia nikiwaimbia nyinyi. Mto ule mkubwa, nikamwambia, maporomoko ya Inga peke yake yangewasha taa za nchi ngapi. Na ziwa letu, Mzee, lina gesi chini yake, imelala tu huko kwenye giza la maji, ingepikia miji yote ya pembeni, na mama zetu bado wanabeba makaa mgongoni. Na udongo wetu wa volkano, ukiangusha mbegu kwa bahati mbaya inaota. Yeye anasikiliza, anatafuna tende.

"Mwanangu, mimi nimekulia kwenye karafuu. Dunia nzima iliitaka. Siku ya kuanika, kisiwa kizima kinanukia, hata nguo za shule zinanukia. Mimi nimelelewa ndani ya harufu ya utajiri." Akatoa kokwa mdomoni. "Harufu."

Akanisukumia tende nyingine.

Kuna kitu lazima mkijue kuhusu kahawa ya kwetu. Kuna mdudu mdogo anatoboa tunda likiwa bado mtini. Tunda linapona, linaiva, linakuwa jekundu zuri, mbegu ndani unaiona safi. Lakini ukiikaanga na kuisaga, mbegu hiyo moja inatoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Moja tu inaharibu kikombe. Kikombe cha jirani yake, kutoka gunia lile lile, kinaweza kuwa kitamu cha kukutoa machozi. Hakuna macho yanayoweza kuzikamata zote. Wanawake wanachagua kwenye meza ndefu tangu asubuhi, wanatumbukiza matunda kwenye maji na kutupa yanayopanda juu, wanatupa yenye tundu, na bado mbegu moja inapita, inasafiri mpaka Wembley.

Kwa sababu ya kiazi hicho, na kwa sababu ya vita na barabara, kahawa ya upande wetu kwa miaka mingi iliuzwa bila jina. Ilivuka ziwa usiku kwa pirogi, mitumbwi yetu ya ziwani, na ikifika nchi jirani inachanganywa na nyingine, inaanza maisha mapya kama mtu aliyebadilisha pasipoti. Baba mdogo Déo, mume wa mama mdogo Faida, aliivusha hivyo. Usiku mmoja upepo wa ziwa ukaamka. Pirogi ilionekana. Yeye hapana.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alikusanya wanawake wa kilima chake, wengi walikuwa wajane wa ziwa lile lile, wakaanza ushirika, wakajenga mahali pa kuoshea kahawa. Akaniambia kwenye simu, "Kahawa yangu haitavuka tena usiku. Itaenda mchana, na jina lake, ao ibaki kwa muti."

Lakini kahawa ikibaki mtini, watoto wanakula nini? Yeye alijua, mimi nilijua. Walihitaji mnunuzi mmoja tu wa kuinunua kwa jina lake. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya London, nina pua. Nilikuwa naota ndoto hii kila asubuhi kwenye treni, kichwa kimeegemea kioo, na nje kuna mvua. Naona kiwanda cha kukaangia kando ya ziwa letu, kinatumia gesi ya ziwa, lebo zimeandikwa Kalehe kwa herufi kubwa, na meli ya mchana, nyeupe, imejaa magunia na watu wanaoimba, inakwenda polepole wala haiogopi upepo. Mara nyingi nilipitiliza kituo.

Nilimsumbua bosi wetu, Ruth, Mwingereza mrefu anayetembea haraka, mpaka akakubali kupokea sampuli yao. Sampuli ikatumwa.

Na kabla haijafika, nikaugua ile homa iliyozunguka dunia. Si vibaya sana, siku chache kitandani. Nilipoamka nikakaanga kitunguu. Macho yakatoa machozi kama kawaida. Pua haikusema kitu. Nikafungua mfuko wa kahawa. Kimya. Nikanusa kiwiko changu, sifuri yangu, na hata mimi mwenyewe sikuwepo.

Daktari alisema itarudi. Hakusema lini. Nikaenda moja kwa moja kwa Ruth nikamwambia, maana ningeficha nini, meza ingenisema. Akanishika bega. "Siku ya sampuli ya shangazi yako utakuwepo," alisema. Kwa Kiingereza kila mwanamke wa kwetu ni shangazi. "Utamimina maji. Kuonja tutaonja sisi."

Basi siku ikafika. Vikombe vya nchi nyingi vimepangwa, majina chini, lakini mimi nilijua ni vipi vya kwetu kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyovipanga, na nilikaza uso usiseme. Nikamimina maji. Mvuke ukapanda. Nilikumbuka mvuke wa ziwa asubuhi, lakini nilikumbuka kwa macho, bila harufu, kama filamu iliyokatwa sauti.

Wakaanza kupasua utando. Ruth upande huu, Mzee Salim upande ule. Mzee alifika kwenye vikombe vyetu. Cha kwanza, akainama, akakaa muda mrefu. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu akarudisha kichwa nyuma taratibu.

Alipaswa kunyamaza mpaka mwisho, hiyo ndiyo sheria aliyonifundisha yeye mwenyewe. Lakini aliniangalia, na nikasoma usoni kwake neno ambalo hakulisema. Ruth akafika pale, akainama, akalisema yeye.

"Kiazi."

Nikainama na mimi. Nilisukuma uso mpaka karibu nilowe. Maji ya moto tu. Nilitaka hata kile kiazi nikisikie. Ningekipenda kile kiazi.

Ruth akafuta kijiko chake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, "Hivi vingine ni vizuri sana. Lakini mteja mmoja akikutana na kikombe hiki nyumbani kwake Jumapili, harudi tena. Siwezi kuuza bahati nasibu."

Nilikuwa na hotuba nzima ya wajane na ziwa, iko kooni, na nikajua haifai mezani, kwa sababu meza haionji huruma. Mzee Salim ndiye aliyemwambia Ruth.

"Ondoa nchi nyingine zote."

"Vipi?"

"Zote. Meza nzima weka hii. Tuijue kwanza, ndipo tuikatae. Mtu humfukuzi kazi kwa kumwona akipiga chafya mara moja."

Ruth akaangalia saa. Halafu akaniangalia mimi. "Una maji ya kutosha?"

Nikachemsha. Nikasaga kikombe kimoja kimoja peke yake, napangusa mashine kati ya kimoja na kingine, ndivyo inavyotakiwa kwa kahawa za kwetu, ili mbegu mbaya moja isiwaharibie majirani. Meza ikajaa Kalehe kutoka pembe hadi pembe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilipokuwa namimina niliona kila kikombe ni mlango wa nyumba kwenye kilima chetu, na mimi napita na birika nagonga, hodi, hodi, mko salama humo?

Wakaanza. Kelele za kuvuta, kimya, ndoo. Kelele, kimya, ndoo. Mzee akapita upande wake, kikombe baada ya kikombe, bila kurudisha kichwa. Karibu na mwisho akasimama, akanusa tena, akasukuma kikombe kimoja kando kwa kidole. Kiazi cha pili. Ruth alikuwa bado upande wa pili, anatembea polepole sasa, yeye ambaye hatembei polepole. Anachota, anavuta. Anachota, anavuta. Nikasubiri sauti ya ndoo.

Haikuja.

Mzee Salim akanyanyua macho. "Umemeza," alimwambia.

Ruth akatazama kijiko kama kimemsaliti. "Nimemeza," alisema. Akachota tena.

Hakununua mavuno yote ya ushirika. Alinunua magunia machache, na kwa sharti kwamba mfuko uandikwe wazi kuwa mara chache mtu anaweza kukutana na kikombe kibaya, akimwage asage kingine. Mimi nilikunja uso, nikaona tunajitukana wenyewe kwenye lebo. Mzee akasema, "Anayekupa samaki anakuambia ana miiba. Huyo ni muungwana, anataka urudi kula kwake." Lakini juu, kwa herufi kubwa, waliandika Kalehe. Jina lake. Nililibandika mimi, kazi ileile niliyoanza nayo, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwezi uliofuata niliacha. Kazi ya pua huwezi kuifanya kwa kumbukumbu. Siku hizi niko ofisini kwenye nyumba ya wazee, mnajua, na harufu zinarudi moja moja kama watoto waliotumwa dukani. Sabuni imerudi. Kahawa bado.

Jioni ya siku ile ya meza nilimpigia mama mdogo Faida. Nilidhani atapiga vigelegele. Nikasikia kuku wake tu. Halafu akauliza, "Sasa bazungu banasikia nini ndani yake, mpaka bainunue?"

Nilikuwa nimeipigania kahawa ile na sikuionja. Nikamuuliza, "Mama mdogo, wewe unasikia nini?"

"Mimi?" Akacheka. "Mimi nakunywa chai. Sijawahi kuikunywa ile. Ni ya kuuza."

Maisha yake yote, Josué. Ameipanda, ameichuma, imemlisha, imemchukulia mume, na hajawahi kuweka tone mdomoni. Wote kilimani pale hivyo hivyo. Wewe uliuliza swali la ramani na mimi jibu la ramani sina. Nina hili tu, kwamba tulikuwa watu wawili kwenye simu moja, tuna kahawa bora ambayo London nzima imeimeza, na kati yetu hakuna hata mmoja anayejua ladha yake.

Nikamwambia, "Kaanga sasa hivi. Usikate simu."

Akanung'unika kuhusu kuni, kuhusu wazimu wa watoto wa Ulaya, lakini nilimsikia akisogeza sufuria ile ya karanga. Nilimwongoza. Koroga, usiache mkono. Ngoja zilie, zikianza kupasuka kama mahindi toa, usizingoje ziungue. Zipoze kwenye ungo. Nikasikia kinu, tu, tu, tu, sauti ya nyumba yetu. Nikasikia maji.

"Haya," nilisema, "weka pua kwanza. Niambie."

"Ngoja, iko moto."

"Niambie tu, mama. Mimi sisikii. Wewe ndiyo pua yangu."

Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, Thamesmead, dirishani mvua, nimefumba macho.

"Inanuka sawa maganda ya machungwa," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ile tulikuwa natupa ku moto ukiwa mudogo. Unakumbuka? Na nyuma yake kuko kintu ingine. Sawa vumbi ya njia, mvua ikianza." Akanusa tena. "Déo alikuwa nanuka vile akirudia ku shamba."

Nikasema, "Sasa onja."

Na kwenye simu, kutoka Kalehe, nikamsikia mama mdogo Faida, aliyenipiga kijiko mkononi kwa sauti ndogo kuliko hiyo, anaivuta kahawa yake kwa kelele.